Neema Iliyomkuta Fransisko Njiani

Mtu akikaa Ifakara wiki moja tu, jina la Fransisko atalizoea kama jina la jirani. Hospitali kubwa ya mji ni ya Mtakatifu Fransisko. Chuo kikuu kishiriki cha afya kilichopo pale nacho ni cha Mtakatifu Fransisko. Ukimwambia bodaboda akupeleke Fransisko, hakuulizi Fransisko yupi. Nilikuwa huko kwa mazoezi ya kufundisha, na nikaona kwamba wengi tunalitaja jina hilo kutwa nzima bila kumjua mwenyewe. Wanaojua kidogo watakwambia ni yule mtakatifu aliyehubiria ndege. Ni kweli, ila hilo ndilo jambo dogo kuliko yote aliyofanya.

Nimeamua kumwandika hapa kwa sababu ya neno moja tunalolitumia sana chuoni: neema. Bumu likiingia mapema, ni neema. Ukitoka salama kwenye sapu, ni neema. Aliyepata ajira kabla hata ya mahafali, huyo neema yake si ya kawaida. Kwenye mikesha tunaombea baraka tusizozitarajia, wakati kiukweli tunazitarajia kabisa na tunaweza kuzitaja kwa bei. Sina ugomvi na maombi hayo, na mimi nayaomba. Lakini theolojia ya Kikristo inalipa neno hili mzigo mwingine. Neema ni zawadi ambayo Mungu anaitoa kabla mtu hajafanya lolote la kuistahili, na ikishapokelewa inamgeuza aliyeipokea. Paulo ilimkuta akienda Dameski kukamata watu. Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, aliibishania na wafuasi wa Pelagio kwa miaka mingi ya mwisho wa maisha yake. Fransisko hakuibishania wala kuiandikia kitabu. Yeye ilimkuta njiani, tena kwa sura ambayo angelipa hela asikutane nayo.

Alizaliwa Assisi, mji mdogo wa katikati ya Italia, mwaka 1181 au 1182. Assisi umekaa kwenye mteremko wa mlima, na chini yake kuna bonde pana la mashamba. Aliyewahi kusimama Ifakara akatazama milima ya Udzungwa ageuze tu picha: pale mji uko juu na bonde liko chini. Baba yake, Pietro wa Bernardone, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyesafiri hadi Ufaransa kufuata mali. Mama yake, Pica, alimbatiza mtoto kwa jina la Yohane wakati mume hayupo. Mzee aliporudi safari akambadilisha, akamwita Francesco, yaani kama Mfaransa. Kwa hiyo jina lililoandikwa leo kwenye ukuta wa hospitali yetu lilianza kama furaha ya mchuuzi aliyerudi na faida.

Ujana wake ni ule tunaoufahamu. Hela ya baba, nguo za gharama, marafiki wengi, nyimbo usiku barabarani. Alikuwa mkarimu, hilo hata wasiompenda walikubali, ila ukarimu wa mtu anayependa kutazamwa. Ndoto yake ilikuwa kuwa askari wa farasi mwenye cheo. Mwaka 1202 Assisi ilipigana na mji jirani wa Perugia, ikashindwa, na Fransisko akatekwa. Alikaa gerezani karibu mwaka mzima mpaka baba yake alipomkomboa kwa fedha. Akarudi mgonjwa, akaugua muda mrefu. Alipopata nguvu akajaribu tena kwenda vitani, kusini mwa Italia, na silaha mpya. Alifika Spoleto tu, safari ya siku moja hivi, akaota ndoto iliyomsumbua, akageuza farasi kurudi nyumbani. Fikiria aibu ya kijana aliyeagwa na mji mzima, halafu kesho yake anaonekana sokoni.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Bondeni chini ya Assisi walikaa wagonjwa wa ukoma. Zama zile, mtu akigundulika ana ukoma alitolewa mjini. Sehemu nyingine Ulaya alifanyiwa ibada iliyofanana na maziko akiwa hai, akapewa kengele au kayamba ya kuwatahadharisha watu kwamba anapita. Fransisko aliwaogopa kuliko kitu chochote. Akiona nyumba yao kwa mbali alikuwa anaziba pua. Siyo kwamba alikuwa mtu mbaya, maana sadaka alitoa, ila aliituma kwa mkono wa mtu mwingine.

Siku moja akiwa juu ya farasi alikutana na mmoja wao njiani. Badala ya kugeuza, akashuka, akampa fedha, na akaubusu mkono wake. Baada ya siku chache akaenda mwenyewe kwenye nyumba yao. Baadaye akahamia kukaa nao kwa muda, akiwaosha vidonda.

Waandishi wa kale wanaisimulia habari hii kwa namna mbalimbali. Thomas wa Celano, aliyeandika maisha ya Fransisko muda mfupi baada ya kifo chake, alirudi kuyaandika tena miaka karibu 20 baadaye, na katika andiko hilo la pili anasema Fransisko alipopanda farasi na kutazama nyuma, yule mgonjwa hakuonekana tena ingawa uwanda ulikuwa wazi. Maana yake, alikuwa Kristo mwenyewe. Nawaheshimu wanaoipenda simulizi hiyo, ila mimi namtaka yule mgonjwa abaki barabarani. Akitoweka, Fransisko amebusu malaika, na kubusu malaika hakumshindi mtu. Asipotoweka, amebusu mtu mwenye jina na mama, na kesho atarudi kumkuta na vidonda vilevile.

Fransisko mwenyewe alipokumbuka siku zile alipokuwa anakufa, hakumtaja malaika. Alisema tu, kwa maneno yake ambayo nayaeleza kwa yangu, kwamba alipokuwa bado katika dhambi alikuwa anaona uchungu mno kuwatazama wenye ukoma, kisha Bwana akampeleka kati yao, na alipotoka huko kile kilichokuwa kichungu kilikuwa kimegeuka kitamu. Mwalimu wa sarufi angeuliza mtendaji ni nani katika sentensi hiyo. Ni Bwana. Fransisko hajisifu kwamba alishinda woga. Alipelekwa. Na aliyebarikiwa siku ile ni mtu wa juu ya farasi, kwa mkono wa mtu wa chini.

Ndiyo maana naona jina lake Ifakara limekaa mahali pake hasa. Wakapuchini, tawi la Wafransisko lililoanza Italia miaka ya 1520, walifika nchini kutoka Uswisi mwaka 1921, kushika misheni ambazo Wabenedikto Wajerumani walilazimika kuziacha kutokana na Vita Kuu ya Kwanza. Bonde la Kilombero na milima ya Mahenge vilikuwa sehemu ya eneo lao. Masista wa Baldegg, nao wa Uswisi, wakafanya kazi ya uuguzi pamoja nao. Na pembeni mwa Ifakara kikawepo kituo cha Nazareti, cha wagonjwa wa ukoma. Watu wa familia ya Fransisko wangefika mahali penye ukoma wapite pembeni, wangelijibu nini jina lao?

Ukoma siyo laana wala haurithiwi. Ni bakteria, aliyetambuliwa na daktari Hansen wa Norway mwaka 1873. Anashambulia mishipa ya fahamu, mtu anapoteza hisia mikononi na miguuni. Katika bonde la mpunga hilo ni balaa la pekee: unakanyaga kisiki kwenye tope bila kusikia, unashika sufuria la moto bila kusikia, na kidonda kinakula mguu taratibu wakati mwenyewe yuko shambani. Tangu 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa za mchanganyiko, na mgonjwa anapona ndani ya miezi 6 au 12. Bakteria anaondoka. Vidole vilivyopotea havirudi, na mara nyingi jina la ukoma nalo haliondoki. Katika vijiji vya namna hii nchini wapo waliopona zamani na wakabaki hapohapo, kwa sababu kwao hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Yaani ile kengele ya zama za kati bado inalia, sema hatuishiki mkononi.

Turudi Assisi, maana ilibaki kesi ya baba.

Karibu na mji palikuwa na kanisa bovu la Mtakatifu Damiano. Fransisko akiomba mbele ya msalaba wake alisikia akiagizwa alitengeneze kanisa lililokuwa linaanguka. Alichukulia kama fundi anavyochukulia: tofali, chokaa, paa. Akaenda dukani kwa baba, akabeba vitambaa, akaenda mji wa Foligno, akauza vitambaa na farasi juu, akaleta fedha kwa padri. Padri akakataa kuzipokea, kwa busara tu. Pietro alipojua akamfungia mtoto ndani ya nyumba. Mama akamfungulia. Mwisho kesi ikafika kwa askofu Guido, mwaka 1206, watu wamejaa. Askofu akamwambia kijana arudishe fedha. Fransisko akarudisha, kisha akavua nguo zote mpaka akabaki uchi, akaziweka juu ya fedha, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo baba yake ni yule wa mbinguni. Askofu akamfunika kwa joho lake.

Wahubiri wanaipenda sana sehemu hii na wote wanamshangilia kijana. Mimi kila nikifika hapa moyo unaenda kwa mzee Pietro. Nimewaona wazazi wa Kilombero. Mpunga unalimwa kwenye maji, mvua ikizidi mto unatapika na kufunika jaruba, mvua ikipungua unakauka. Ukianza kuchanua, familia inahamia shambani kuamia ndege kuanzia alfajiri mpaka jua lizame, watoto wakipiga kelele na kurusha matope. Halafu magunia yanauzwa ili mtoto aende chuo. Mzazi huyo ukimwambia kwamba mwanae amepata neema, ameacha chuo, amegawa kila kitu na anaosha vidonda vya watu, utamweleza nini? Pietro alimkomboa mwanae kutoka gerezani kwa hela yake. Alimpa hata jina. Malipo yake yalikuwa rundo la nguo sakafuni mbele ya umati.

Sidhani tunapaswa kulificha hilo. Neema haiji bure kwa kila mtu aliye karibu. Iliyokuwa zawadi kwa mtoto ilikuwa hasara kwa mzee, na hakuna mwandishi anayetuambia kwamba walipatana. Kinachosimuliwa ni kwamba Pietro alipomkuta barabarani alimlaani. Na Fransisko, aliyeosha vidonda bila kutetemeka, laana ya baba ilimchoma. Akamtafuta maskini mmoja, akamwomba awe anafuatana naye, na kila baba akilaani, maskini yule amfanyie ishara ya msalaba na kumbariki kwa niaba ya baba. Mtoto wa tajiri anaomba baraka kwa ombaomba kwa sababu baraka ya nyumbani imefungwa. Katika maisha yake yote hakuna ninapomwona binadamu zaidi ya hapo.

Yaliyofuata nitayapita haraka, kwa kuwa yanapatikana kila mahali. Wenzake waliongezeka mpaka walipokuwa 12 pamoja naye, na mwaka 1209 wakaenda Roma, Papa Inosenti wa III akawakubalia kwa mdomo namna yao ya kuishi. Mwaka 1212 Klara, msichana wa ukoo wa kitajiri wa Assisi, alitoroka kwao usiku akaanzisha upande wa wanawake. Waliitwa ndugu wadogo. Hawakushika fedha, walifanya vibarua na wakikosa waliomba. Wanovisi walipitishwa kwa wagonjwa wa ukoma, wengine watoto wa wakubwa kabisa. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yao ya vitendo, na hapakuwa na msimamizi wa kuja kukagua andalio la somo. Sisi wa ualimu tukumbuke pia kwamba vitabu alivitilia shaka, akihofia msomi atageuka bwana mkubwa. Hata hivyo alimruhusu Antoni wa Padua kuwafundisha ndugu theolojia, mradi masomo yasizime roho ya sala.

Mwaka 1219 alikwenda Misri. Ilikuwa vita ya msalaba, majeshi ya Wakristo yameizingira Damietta mdomoni mwa Nile. Fransisko na ndugu Illuminato wakavuka kwenda upande wa Waislamu bila silaha na kufikishwa mbele ya Sultani al-Malik al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Saladini. Alikwenda kuhubiri na huenda alikuwa tayari kuuawa. Akapokelewa kwa heshima, akasikilizwa, akarudishwa salama. Sultani hakubadili dini. Ila kijana yule wa Assisi aliyewahi kuota vita alikuwa amekula ukarimu wa mtu aliyefundishwa kumwita adui. Kwenye bonde letu, ambako Pasaka na Idi zote sahani inavuka ua, habari hii haihitaji maelezo marefu.

Aliporudi Italia alikuta chama kimemzidi. Ndugu walikuwa maelfu, wanataka nyumba, kanuni na uongozi. Mwaka 1220 akaachia madaraka. Kanuni iliandikwa, ikarudishwa, ikaandikwa tena, hadi Papa Honori wa III alipoithibitisha Novemba 1223. Watu hawapendi kusema, lakini miaka yake ya mwisho kwa macho ya nje ni ya mtu aliyeshindwa. Alichoanzisha kilikuwa kinaenda njia ambayo hakuipanga, wakati mwili wake unaanguka vipande vipande: tumbo, wengu, macho aliyoumia Misri. Mwaka 1224, akiwa mlimani La Verna kwa mfungo, alipata alama za majeraha mikononi, miguuni na ubavuni, kama za Kristo. Madaktari walimchoma na chuma cha moto kuanzia karibu na sikio hadi kwenye nyusi wakidhani wataokoa macho. Hayakuokoka.

Katika hali hiyo, mwaka 1225, amelala kwenye kibanda pale kwa Klara, panya wanamkimbilia usiku na mwanga haumuingii ila kwa maumivu, akatunga wimbo wa kulisifu jua. Aliutunga kwa lugha ya mtaani ya Umbria, siyo Kilatini, na ni kati ya mashairi ya kwanza kabisa ya lugha ya Kiitaliano. Jua, mwezi, upepo, maji, moto, ardhi, vyote alivipa udugu, na moto aliutaja baada ya kuungua nao au akisubiri kuungua, wataalamu wana mpangilio wao. Kiitaliano kinalazimika kuchagua kaka au dada. Kiswahili kingemsaidia, maana ndugu ni ndugu tu.

Mwaka wa kifo chake akaandikisha wosia. Mtu angetegemea aanze na Papa, au na ule msalaba uliomsemesha, au na alama za mlimani. Alianza na wagonjwa wa ukoma. Hapo ndipo alipohesabu kwamba maisha yake yalianzia. Yote ya kabla aliyapita kwa maneno machache. Msalaba wa Damiano hakuutaja, na baba yake hakumtaja.

Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, kwenye kijikanisa cha Porziuncola, bondeni. Aliomba alazwe uchi juu ya ardhi tupu. Miaka 20 iliyokuwa imepita tangu avue nguo kwa askofu ilikuwa imemrudisha palepale, safari hii bila watazamaji wengi na bila mtu wa kubishana naye. Papa Gregori wa IX alimtangaza mtakatifu tarehe 16 Julai 1228, na kesho yake akaweka jiwe la msingi la kanisa kubwa la kumzikia. Oktoba 2026 inatimia miaka 800 tangu afe, na Assisi itajaa mahujaji. Nazareti ni karibu zaidi, na nauli yake ni ya bodaboda.